Mistari miwili si hukumu

Mwezi huu ukurasa wa familia unaongea juu ya vipimo vya mama mjamzito kule sikelo. Kwa wageni waliofika juzi juzi: sikelo ni neno la wenyeji wetu wa Malawi, maana yake mizani, na kliniki ya wajawazito na watoto imepata jina hilo sababu ukifika tu unapandishwa kwenye mizani. Wamama wa darasa la jioni ndio walioniomba niandike. Walisema wamechoka kunong'onezana kisimani.

Swali lao kubwa lilikuwa hili. Mama ametobolewa kidole, kile kipimo kidogo kimetoa mistari miwili, halafu muuguzi anasema ngoja, tupime tena kwa kipimo kingine. Kwa nini? Hawakiamini? Na kama hawakiamini, kwa nini walikitumia? Swali hilo lina akili sana. Na kukosa jibu lake kunaumiza watu, maana tunao wamama katika kambi yetu ya Dzaleka ambao kwa kuogopa hiyo mistari wanajificha nyumbani mpaka mwezi wa saba au wa nane ndio waende kuonekana.

Jibu linaanzia hapa: vipimo viko vya aina mbili, na kazi zao ni tofauti. Kuna vipimo vya kuchekecha na vipimo vya kuthibitisha. Mama anayechekecha unga anajua. Chekecheo linapitisha unga laini na kubakiza kila kitu kikubwa. Kilichobaki juu si lazima kiwe jiwe. Kuna pumba, kuna donge la unga, na pengine kuna kajiwe kweli. Ndiyo maana baada ya kuchekecha unaweka vile vilivyobaki mkononi na kuvitazama kimoja kimoja. Kuchekecha kunafanywa kwa wamama wote, hata asiyeumwa, haraka haraka na kwa bei nafuu. Kutazama kwa mkono kunafanywa kwa wale wachache waliobaki juu ya chekecheo.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, nivumilieni kidogo. Tuchukue wamama 1000 (namba hizi ni za ubaoni tu, si za kliniki yetu). Tuseme 10 kati yao wana ugonjwa fulani, na kipimo chetu ni kizuri kabisa, kinawakamata wote 10. Ila kwa wasio na ugonjwa kinakosea mara 1 katika 100. Wazima wako 990, kwa hiyo karibu 10 kati yao watatoa mistari miwili bila kuwa na kitu. Sasa hesabu: waliotoa mistari miwili ni 20, na nusu yao ni wazima! Kipimo ni kizuri, na bado nusu wangelia bure kama mtu angewapa jibu la mwisho siku hiyo hiyo kwa kipimo kimoja. Nilipoandika hii ubaoni mama mmoja aliinuka na kusema basi wapimeni hata mara tano. Tukacheka, lakini alikuwa ameelewa.

Tuanze na kile kinachoogopwa zaidi, VVU, virusi vya UKIMWI, au SIDA kama tunavyosema sisi wa Congo. Mistari miwili ya kwanza haiitwi bado jibu. Anayepima anachukua kipimo cha aina nyingine, kilichotengenezwa tofauti, ili kosa la kile cha kwanza lisijirudie. Shirika la Afya Duniani tangu 2019 linashauri vipimo vitatu vya aina tofauti vikubaliane kabla mtu hajaambiwa kuwa ana VVU. Vikigombana, mama anaambiwa arudi baada ya siku fulani apimwe tena. Kuambiwa urudi maana yake ni kwamba hawajajua bado, hawakufichi kitu.

Na ikithibitishwa? Hapa wenyeji wetu wana jambo la kujivunia. Mwaka 2011 Malawi ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuamua kwamba kila mama mjamzito au anayenyonyesha mwenye VVU aanze dawa mara moja na aendelee nazo maisha yote, bila kusubiri mpaka adhoofike. Nchi nyingine zikafuata. Bila dawa, katika wamama 100 wenye VVU, watoto kati ya 15 na 45 wanaambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwenye kunyonya. Mama akimeza dawa vizuri wanashuka chini ya 5. Sasa anayejificha mpaka mwezi wa nane, dawa anazianza lini?

Kuna uvumi ambao unanikasirisha. Wanasemaga eti ukipimwa sikelo na ukakutwa na kitu, jina lako linatolewa kwenye orodha ya kwenda Marekani. Zamani ilikuwepo sheria ya Marekani iliyozuia wageni wenye VVU, ni kweli, hatutaikana. Iliondolewa Januari 2010. Kaswende nayo, kwa sheria hiyo ya Marekani, inatibiwa na mtu anaendelea na safari. Safari zenyewe zilisimamishwa Januari 2025, tunajua wote, lakini uvumi haukusimama nazo. Kuna mama anayeweka mimba yake hatarini kwa ajili ya orodha ambayo vipimo vya sikelo haviigusi.

Kaswende, au sifilisi kama wengine wanavyoita, naona tunaiongelea kidogo mno. Labda kwa sababu inatibika watu wanaidharau, au kwa sababu inaleta ugomvi nyumbani. Mama anaweza kuwa nayo miaka bila kidonda, bila maumivu, bila kitu. Isipotibiwa, zaidi ya nusu ya mimba zinaishia vibaya: inatoka, au mtoto anafia tumboni, au anazaliwa kabla ya wakati, au anazaliwa na ugonjwa. Wangapi hapa wamezika watoto waliozaliwa wamekufa na wakasema ni jirani aliyeroga? Ugonjwa huo unatibiwa kwa sindano ya penisilini. Kwa aliyeambukizwa karibuni inatosha siku moja. Kama haijulikani ilianza lini, sindano tatu, moja kila wiki.

Sasa angalieni, hapa mambo yanageuka kidogo. Kwa kaswende, mjamzito akitoa mistari miwili anachomwa sindano ya kwanza pale pale, kabla ya kuthibitisha. Je, si tumesema kuchekecha si jibu? Ndiyo tumesema. Ila wataalamu wamepima pande mbili: sindano ni rahisi na madhara yake ni machache (mwenye mzio wa penisilini aseme mapema), na upande wa pili mama anaweza kuondoka asirudi tena, na mtoto akapotea. Kwa hiyo wanatibu kwanza, halafu kama maabara ina uwezo wanafanya kipimo kingine cha kuonyesha kama ugonjwa bado uko hai. Maana kile kipimo cha haraka kina tabia moja: mtu aliyetibiwa akapona miaka 10 iliyopita, mara nyingi bado kitamwonyesha mistari miwili. Kinakumbuka tu ugonjwa uliopita. Wababa, someni sentensi hiyo mara mbili kabla ya kumfukuza mtu nyumbani. Halafu mwende mkapimwe na nyinyi, sababu mama akitibiwa peke yake atarudishiwa ugonjwa ule ule.

Vipimo vingine havina mistari na ndiyo maana tunavisahau. Mkunga anapokufunua kope la chini na kutazama weupe wake, anachekecha upungufu wa damu. Macho yanaweza kudanganya, kwa hiyo tone la damu linapimwa kwenye mashine: kwa mjamzito, chini ya gramu 11 ni upungufu, chini ya 7 ni hatari kubwa ya kumpeleka hospitali. Presha nayo ni hivyo hivyo. Mama ametembea juani, amekaa foleni, amegombana na mtu aliyemruka, presha itapanda. Ikifika 140 kwa 90 anapumzishwa, anapimwa tena baada ya saa kadhaa, na mkojo unatazamwa kama una protini. Kama mimba imepita wiki 20 na hivyo vyote vipo, hiyo ni hali inayoweza kuleta kifafa cha mimba. Kichwa kuuma sana, kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu, uso kuvimba: hapo usisubiri siku yako ya kliniki, nenda hata usiku. Kifafa cha mimba si pepo, na mama hafungiwi ndani akiombewa. Maombi yafanyike njiani.

Ugonjwa wenye majina mengi nao unataka nafasi yake. Sisi tunauita drepanositozi au SS, Watanzania wanauita selimundu, Waganda sikoseli. Ni ule wa watoto wanaolia mifupa, macho ya njano, damu inakwisha kila mara. Baba na mama wanaweza kuwa wazima kabisa, kila mmoja amebeba nusu tu, kinachoandikwa AS. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mwenye ugonjwa. Kila mimba, nasema. Wazazi wengine wanahesabu kwamba kwa vile wa kwanza ni mgonjwa basi watatu wanaofuata watakuwa salama. Hapana. Ni kama kurusha sarafu, haikumbuki ilivyoanguka jana. Kuna kipimo cha haraka cha ugonjwa huu ambacho kinachekecha tu, hakitofautishi aliyebeba nusu na mgonjwa mwenyewe, na kwa mtoto mchanga wa miezi ya mwanzo hakiaminiki. Cha kuthibitisha kinafanyika kwenye maabara kubwa na ndicho kinachoandika AS au SS. Kama familia yenu ina mtoto wa namna hiyo, mwambieni mkunga bila kuulizwa. Na baba naye atoe damu, sababu hesabu hii haifanyiki na mzazi mmoja.

Tumepata pia habari kutoka kwa ndugu waliotangulia Kanada na Australia, wanauliza kama wafanye kipimo cha kujua mtoto ana ulemavu. Huko wakunga wanawapa wamama nafasi ya kuchekechwa kwa hali inayoitwa Down sindromu, kwa damu ya mama na picha ya tumbo, kati ya wiki ya 11 na 14. Jibu linakuja kama namba, tuseme 1 kwa 150. Dada mmoja alilia wiki nzima kwa namba kama hiyo. Tuisome pamoja: wamama 150 wenye jibu kama lake, mmoja ndiye mwenye mtoto wa hali hiyo, 149 hapana. Kuthibitisha ni kuingiza sindano tumboni na kuchota maji ya mtoto, kuanzia wiki ya 15, na kuna hatari ndogo, chini ya 1 kwa 200, ya mimba kutoka. Hakuna anayelazimishwa, si kuchekechwa wala kuchomwa. Wengine wanataka kujua ili wajiandae, wengine wanasema mtoto ni wa Mungu, hatutaki namba. Wote wana haki, na mkunga wa huko anatakiwa akueleze hivyo kabla hujakubali.

Kuhusu mtoto mwenyewe akishazaliwa. Mama mwenye VVU asikubali mtu yeyote ampime mtoto wa miezi miwili kwa kile kipimo cha mistari na kumpa jibu la mwisho. Mtoto anazaliwa na askari wa damu wa mama yake, na askari hao wanaweza kubaki mpaka miezi 18. Kipimo cha mistari kinawaona hao askari na kusema mistari miwili, hata kama mtoto hana kirusi. Kwa hiyo akiwa na wiki 6 anachukuliwa damu ya kisigino, inakaushwa kwenye karatasi, inapelekwa maabara inayotafuta kirusi chenyewe. Majibu yanaweza kuchelewa. Fuatilia, uliza, rudi tena, na dawa aliyopewa mtoto usiikatize ukisubiri. Akiacha kunyonya bado anapimwa tena, sababu hatari ilikuwa inaendelea kwenye maziwa.

La mwisho ni lugha. Wauguzi wengi hapa wanaongea Kichewa na Kiingereza, na sisi tuna Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda, Kibembe. Wamama wengine wanawabeba watoto wao wa shule wawatafsirie. Nawafundisha watoto hao, wanajua Kiingereza vizuri, lakini mtoto wa miaka 12 asiwe ndiye anayemwambia mama yake jibu la kaswende. Ombeni mkalimani wa kituo, au mama mzima mnayemwamini anayejua kunyamaza. Na kabla hujatoka mlangoni uliza mambo mawili: hiki nilichopimwa ni cha kuchekecha au cha kuthibitisha, na nirudi lini. Mwambie muuguzi aandike kwenye kitabu chako cha kliniki, na tarehe. Kitabu kifungwe kwenye plastiki. Kikilowa, kipeleke kikaandikwe upya mapema, sababu usiku wa uchungu hakuna anayekumbuka kundi la damu yake.