Waipa Zinapofuta Kioo Kikavu

Nyuma ya kioo cha mbele cha veni nyingi za miaka ya karibuni, pale kinapofungwa kioo cha kutazamia nyuma, kuna kiboksi cheusi kilichofunikwa kwa plastiki ambacho hufanya kazi mbili kwa pamoja: huamua waipa zifute lini na kwa kasi gani, na huamua taa kubwa ziwake lini. Kiboksi hicho ni kihisi cha mvua na mwanga, ingawa mafundi wengi hukiita sensa tu. Kinapokosea, waipa huanza kufuta kioo kikavu saa sita mchana, au hutulia huku mvua ikinyesha, na pengine taa hubaki zinawaka mchana kutwa. Wenye magari wengi hukimbilia kununua kihisi kipya, uamuzi ambao mara nyingi ni wa haraka mno, kwa kuwa chanzo cha hitilafu aghalabu ni kioo, jeli au waya zinazokizunguka kihisi, huku chenyewe kikiwa kizima.

Ili sababu ya jambo hilo ieleweke, ni lazima kwanza ifahamike kwamba kihisi hakigusani na maji kamwe. Ndani yake mna vitaa vidogo vinavyotoa miale ya infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa jicho la binadamu, ambayo huelekezwa ndani ya kioo kwa pembe inayokaribia nyuzi 45 kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya uso wa kioo. Mwanga uliomo ndani ya kioo hauwezi kutoka kwenda hewani iwapo pembe yake imezidi nyuzi 42 hivi. Badala yake huakisiwa wote na kurudi ndani, hali ambayo wanafizikia huiita uakisi kamili wa ndani. Tone la maji likitua mahali hapo, kikomo hicho hupanda hadi nyuzi 62 hivi, na kwa hiyo sehemu ya miale hupenya kwenye tone na kupotelea nje, huku kipokezi kikipata mwanga pungufu. Upungufu huo ndio unaohesabiwa kuwa mvua, na kadiri unavyokuwa mkubwa ndivyo waipa zinavyoharakishwa. Kazi ya pili ni nyepesi zaidi: vipokezi vingine hupima mwanga wa angani na ule unaotoka mbele ya gari, ili mtambo uweze kutofautisha giza la handaki na kivuli cha daraja linalopitwa kwa sekunde mbili.

Kutokana na maelezo hayo, swali la kwanza la fundi makini ni kama kazi zote mbili zimekufa au ni moja tu. Taa zikiendelea kujiwasha vizuri jioni ilhali waipa ndizo zinazochanganyikiwa, umeme unafika na mawasiliano yapo, hivyo ni busara kuanza kukagua kioo. Zote mbili zikiwa zimekufa kwa pamoja, uchunguzi uanzie kwenye fyuzi, waya na plagi. Kabla ya yote, hata hivyo, inafaa waipa zijaribiwe kwa swichi ya mkono, kwa sababu zikifuta vizuri kwa kasi ya kawaida na ya juu, mota yake ni nzima na haina haja ya kuguswa. Katika baadhi ya magari, swichi iliyoachwa kwenye nafasi ya kujiendesha tangu safari iliyopita haianzi kazi mpaka irudishwe kwenye sifuri kisha ipandishwe tena. Utaratibu huo umewekwa makusudi, lakini umewapeleka watu wengi gereji bila sababu.

Hitilafu za upande wa kioo ndizo zenye mengi. Kati ya kihisi na kioo kuna utando mwembamba wa jeli ya silikoni, unaoangaza kama maji safi, ambao kazi yake ni kuondoa hewa yote ili miale ivuke kutoka kwenye kihisi hadi kwenye kioo bila kukatizwa. Kipovu cha hewa kikibaki hapo, hata kiwe kidogo kama kichwa cha pini, huweza kuirudisha miale kabla haijafika kwenye uso wa nje au kuitawanya, na matokeo yake ni waipa zinazofuta bila mvua au zisizoiona mvua iliyopo. Ndiyo maana tatizo hili hujitokeza sana baada ya kioo cha mbele kubadilishwa, kwani fundi wa vioo huweza kurudishia jeli ya zamani iliyokwisha kuchanika au kuingia vumbi, au hata kufunga kioo cha aina nyingine ambacho hakikuachiwa dirisha la wazi mahali pa kihisi. Jiwe lililochimba kioo mbele ya kihisi, stika iliyobandikwa juu ya eneo hilo na mipira ya waipa iliyochakaa huleta udanganyifu uleule, maana mpira mkuukuu huacha michirizi ya maji ambayo kihisi huisoma kama mvua inayoendelea.

Kwa upande wa umeme, plagi ya kihisi kwa kawaida huwa na waya tatu: wa umeme wa betri, wa ardhi, na wa mawasiliano. Waya huu wa tatu hutumia mfumo uitwao LIN, ambao husafirisha ujumbe kwa waya mmoja tu kwa kasi isiyozidi biti 20,000 kwa sekunde. Swichi ya gari ikiwa imewashwa, mita huwekwa kati ya waya wa umeme na ule wa ardhi, ambapo volti zinapaswa kulingana na za betri. Kisha huwekwa kati ya waya wa LIN na ardhi. Usomaji unaochezacheza chini kidogo ya volti za betri huashiria kwamba mazungumzo yapo, ilhali sifuri isiyobadilika hudokeza kwamba waya umekatika au umegusana na bodi. Plagi yenye kutu ya kijani huashiria maji yanayovuja ukingoni mwa kioo, na uvujaji huo usipozibwa, kihisi kipya nacho kitaoza.

Ikithibitika kwamba jeli ndiyo mbovu, matengenezo yake ni kazi ya uangalifu zaidi kuliko nguvu. Swichi ya gari huzimwa, kifuniko hufunguliwa, vibanio huachiliwa, na kihisi hubanduliwa taratibu. Kisha kioo husafishwa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Utando mpya hubandikwa bila kuguswa kwa vidole, ukianzia ukingo mmoja kuelekea mwingine ili hewa isukumwe nje, na kazi hukaguliwa kutoka nje ya gari, ambako kipovu huonekana wazi. Wapo wanaojaza silikoni ya kuzibia mabafu, njia isiyofaa, kwani ile yenye harufu kali ya siki hutoa asidi inayokula vifaa vya umeme.

Kihisi chenyewe kikibadilishwa, mara nyingi hulazimu kiarifiwe kwa kompyuta ya kupimia magari aina ya gari na kioo kinachotumika. Wenye Volkswagen Transporter watakikuta kikitajwa kwa alama G397 katika michoro ya umeme ya kampuni hiyo, na ni vyema alama hiyo, pamoja na namba iliyochapwa mgongoni mwa kifaa, zilinganishwe kabla ya kununua kilichotumika. Baada ya kufunga, hitilafu zilizohifadhiwa hufutwa, maji hunyunyizwa kwa chupa ya matone badala ya mpira wa kuoshea gari, na ili kujaribu taa, kihisi hufunikwa kwa kitambaa kizito cheusi badala ya kiganja, kwa kuwa kiganja huruhusu mwanga kupita pembeni. Vipuri vikichelewa, gari linaweza kuendelea kutembea, kwa sharti kwamba dereva aondoe swichi zote mbili kwenye nafasi ya kujiendesha na kuwasha taa mwenyewe jua linapozama.