Kufurahia Goma kama mtoto wa Masisi na Walikale: mwongozo wangu



Kila mwaka, wakati wanafunzi wetu wanamaliza kutetea kazi zao za mwisho, swali moja linarudi: "Yaya, nafika Goma, wikendi nifanye nini?" Wanaouliza ni vijana wa Masisi wanaoshuka kupitia Sake, na wale wa Walikale wanaofika kisha safari ndefu ya matope. Wote wamesikia kama Goma ni mji wa raha: ziwa, muziki, brosheti, watu wamevaa. Wanaogopa vitu viwili: kuchekwa na kuishiwa.

Mimi ni mtu wa agronomi, si mtu wa utalii. Lakini nimeishi hapa miaka ya kutosha kuona kama Goma inafurahiwa vizuri na yule anayejua mambo mawili: mji huu unasimama juu ya nini, na unakula nini. Ukijua la kwanza, hautaumia. Ukijua la pili, hautajisikia mdogo mbele ya mtu. Basi nitaeleza yote mawili, na mengine madogo ya mfuko na ya usiku.

1. Unasimama juu ya moto uliopoa

Mawe yale meusi unayoyaona kila pahali, kwenye ukuta, kwenye barabara, ni ya Nyiragongo. Volkano hiyo ililipuka mwaka 1977, ikalipuka tena tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021. Ile ya 2002 njo ilipita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani. Ile ya 2021 ilisimama Buhene, mlangoni kwa mji. Watu walijenga tena juu ya mawe yaleyale. Ukielewa hii, unaelewa tabia ya Goma: mtu wa hapa hapendi kungoja kesho ili afurahi.

Mawe hayo yanakupa shauri la kwanza: viatu. Kisigino kirefu na soli nyembamba havimalizi siku mbili kwenye vichochoro vya Ndosho ao Katoyi. Beba viatu vigumu vya kutembea, na vile vizuri uviweke mu mfuko mpaka ufike kwenye sherehe. Wadada wa hapa wanafanya hivyo, hakuna haya.

Shauri la pili ni koti. Ziwa Kivu liko karibu metre 1.460 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua linachoma, lakini kisha saa moja ya magaribi upepo wa ziwa unageuka baridi. Watu wa Masisi hii haiwashangazi. Nyinyi wa Walikale, mliozoea joto la msitu, msikie.

2. Ziwa: raha yake na hatari yake

Kwenda Goma bila kugusa ziwa ni kama kwenda harusi bila kuona bibi-arusi. Upande wa Himbi na wa Volcans, kando imejaa mahoteli. Nyingi zinakuacha uingie na ukae kama unanunua kinywaji kimoja. Agiza kimoja, ukinywe polepole, uangalie maji. Usiione aibu, hata wenye magari makubwa wanafanya vile.

Saa nzuri ni mbili: asubuhi mapema, wakati maji yametulia na milima ya upande wa Masisi inaonekana safi, na magaribi, wakati wavuvi wa sambaza wanatoka. Mitumbwi yao imefungwa mitatu mitatu na miti mirefu mbele na nyuma, na wanapiga kasia wakiimba. Usiku taa zao zinajaa juu ya maji, samaki wanafuata mwangaza. Kuangalia ni bure kabisa.

Sambaza wenyewe wako na historia ambayo mtu wa agronomi anaipenda. Hawakuwa wa ziwa hili. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, juu maji ya katikati ya Kivu yalikuwa karibu matupu, hakuna samaki aliyekula vidudu vyake vidogo. Leo ni chakula cha kila nyumba. Kwa hiyo ukikaanga sambaza na ndimu na pilipili, ujue unakula wageni waliofika, wakazoea, wakazaa, na leo hakuna anayewaita wageni. Hiyo peke yake inaweza kumtuliza kijana anayeogopa mji.

Sasa hatari. Ya kwanza ni mazuku. Chini ya mawe ya huku kunatoka hewa ya kaboni ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Inashuka na kujikusanya kwenye mashimo na mabonde madogo, zaidi karibu na ziwa upande wa magharibi ya mji, na zaidi usiku na asubuhi wakati hakuna upepo. Haina rangi, na haikupi muda wa kukimbia. Mbuzi na watoto wamekufa hivyo. Kwa hiyo usishuke kwenye shimo ao kichochoro cha chini kando ya ziwa kwa kutafuta pahali pa siri pa kupiga picha ao pa kukaa na mchumba. Ukiona wadudu ao ndege wamekufa pale chini, rudi nyuma. Uliza wenyeji kabla ya kuoga, watakuonyesha pahali.

Ya pili ni mashua. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wakiiona kwa macho, na ndugu zetu wengi wakafa. Ilikuwa imejaza watu kupita kipimo. Kama mnataka kutembea juu ya maji, muulize jile ya kuokoa maisha kabla ya kuuliza bei. Hakuna jile, hakuna safari. Picha nzuri inaweza kupigwa hata ukiwa juu ya jiwe.

3. Sahani: hapa njo kwetu

Fika kwenye sherehe yoyote ya Goma, ndoa ao kolasio, angalia bufe kwa macho ya shamba. Viazi, ile tunaita birayi, vimetoka milima ya Masisi. Maharagwe vilevile. Nyama ya ng'ombe na maziwa ya kuganda, mashanza, vinatoka malisho ya upande wa Mushaki na Kitshanga. Ndizi za kupika, mihogo na mawese vinapanda kutoka msitu wa Walikale. Watu wakitaja Masisi wanawaza koltani ya Rubaya. Wakitaja Walikale wanawaza madini ya Bisie. Lakini hakuna mtu anayekula koltani kwenye ndoa.

Kitu ambacho nakuomba uonje ni fromaje ya Masisi. Yale magurudumu ya manjano unayoyaona kwenye vibanda, wanakata vipande na kisu, watu wanakula na mkate ao peke yake. Kwa nini fromaje, na si maziwa? Juu maziwa hayangoji. Kwenye mlima hakuna umeme wa friji, na barabara ikikatwa na mvua ao na watu wa bunduki, maziwa yanaharibika siku ileile. Mtu wa Masisi anachukua karibu litre 10 za maziwa, anatoa kilo moja ya fromaje, na kilo hiyo inaweza kungoja barabara ifunguke. Ni ujuzi wa watu waliokataa kupoteza kazi ya ng'ombe zao. Mwanafunzi wa agronomi anayepita pale bila kuuliza mwuzaji maswali mawili matatu amepoteza somo la bure.

Sahani inakufundisha pia kusoma habari. Barabara ya Sake ikifungwa, bei ya maharagwe na birayi mu Goma inapanda. Wenye mji wanalalamika kwamba vitu vimekuwa ghali. Wewe unajua ni nini kimetokea kwenu. Hiyo njo sababu nasema usijisikie mdogo. Yule anayekucheka kwa matamshi yako ya kijijini anakula jasho la mama yako, na pengine hajui.

Kwa kula bila kuumiza mfuko: asubuhi, chai na mandazi ya mtaani. Mchana, sombe, fufu na sambaza kwa mama wa kibanda, ambapo wafanyakazi na wanafunzi wanakaa. Magaribi, brosheti ya mbuzi na ndizi ya kuchoma, na hapo unaweza kukaa pahali pa wakubwa, juu hauna njaa kali ya kukusukuma uagize mara tatu.

4. Mfuko

Mimi nagawanya pesa mara tatu kabla ya kutoka nyumbani. Pesa ya kurudi inabaki kwenye simu, haiguswi hata kama Yesu mwenyewe ameomba bia. Pesa ya chakula iko mfukoni, kwa franka. Pesa ya raha ni ile inayobaki, na ikiisha, raha imeisha, tunaenda kulala.

Angalia dola unazobeba. Noti iliyopasuka hata kidogo pembeni, ao ile ya dola moja, wengi watakukatalia. Badilisha mapema kwa mtu unayemjua, mchana. Na tangu vita vya mwisho wa Januari 2025, wakati benki zilifunga milango yao mjini, tulijifunza kwa nguvu kwamba usitegemee pesa ambayo haiko mkononi ao kwenye simu. Panga na wenzako kabla ya Ijumaa.

Kwa motari, bei inasemwa kabla ya kupanda, si kisha kushuka. Sema unapoenda kwa jina la mzunguko ao la soko, kama Signers, Birere ao Virunga, kwa sauti ya mtu anayejua. Muombe heshima, naye atakupa: "Papa, unanipeleka ngapi?" inafungua milango kuliko kupigana.

Kolasio, hapo njo vijana wetu wanaanguka. Familia imeuza mbuzi ili mtoto amalize masomo. Siku ya kutetea, mtoto anakopa tena ili alishe watu mia moja kwa siku moja. Nasema wazi: kolasio si sheria. Watano mkimaliza mwezi mmoja, fanyeni sherehe moja. Nunueni birayi, maharagwe na fromaje kwa mama zetu sokoni, wadada na wakaka wa chama wapike pamoja, muziki utoke kwenye simu na baffle ya kukodi. Wageni watashiba vilevile, na kila mmoja atabaki na kitu cha kuanzia maisha. Kwa mtu wa agronomi, bei ya bufe moja inaweza kuwa mbegu ya msimu mzima.

5. Muziki na usiku

Goma inacheza. Toka 2014, Festival Amani ilikusanya vijana kwa maelfu siku tatu, kwa tiketi ya dola moja, ili watu wa pande zote wacheze pahali pamoja. Kuna pia Foyer Culturel na Yole!Africa, ambako vijana wamejifunza dansi, muziki na filamu. Uliza kama kuna kitu wikendi hiyo; mara nyingi mchana wa sanaa unakupa furaha kuliko usiku wa nganda, na hapo njo unapata marafiki wanaobaki.

Ukienda nganda, nenda na watu unaowajua, urudi nao. Usiache kilauri chako bila mtu. Uwe na namba ya motari mmoja ambaye mwenyeji wako anamwamini. Wadada, musitembee peke yenu usiku; wakaka, vilevile. Zamani tulisema saa nne ni mapema. Siku hizi mtu mwenye akili saa mbili yuko kwenye lupango, mlango umefungwa, na muziki unaendelea ndani polepole.

6. Je, ni haki kufurahi?

Mwisho ni swali ambalo wengine wananiuliza kwa hasira: unaandika habari ya brosheti wakati familia zetu zimekimbia mara ngapi, zililala chini ya mashitu Bulengo na Rusayo? Ni swali la haki, na silikimbii.

Nimewaona watu wa kambi wakicheza ndoa. Walikuwa na ngoma moja, sufuria moja, na bibi-arusi aliyeazimwa nguo. Hakuna aliyewaambia wamesahau mashamba yao. Walikuwa wanaimba majina ya vilima vyao. Furaha inayotukosea ni ile ya kujifanya hatutoki kule: kuficha jina la kijiji, kukopa ili kuonekana mtoto wa Himbi. Ile nyingine inatupa nguvu ya kurudi.

Basi karibuni Goma. Kuleni, chezeni, angalieni taa za wavuvi. Na kabla ya kulipa sahani, muulize kila kitu kimetoka wapi. Wengi wenu mtasikia jina la kwenu, na wale wa agronomi mtasikia pia kazi inayowangoja kule.