Shahada kwa njia ya mtandao: Yapi ya kupimwa kabla ya kulipa ada?

Kwa miaka mingi, mwalimu wa shule ya msingi nchini Kenya aliyetaka shahada alilazimika kuitoa likizo yake. Vyuo vikuu viliwaandalia walimu masomo ya Aprili, Agosti na Desemba, shule zinapofungwa. Mwalimu kutoka Turkana au Lamu alifunga safari, akapanga chumba karibu na chuo, akasoma kwa wiki chache, kisha akarejea kufundisha. Sasa analo chaguo jingine. Tangu Agosti 2023, Rais William Ruto alipoikabidhi hati taasisi hiyo mpya, Kenya inacho Chuo Kikuu Huria chenye makao yake Konza, kusini mashariki mwa Nairobi, kilichoundwa mahsusi kufundisha kupitia mtandao.

Katika Afrika Mashariki, hicho si chuo huria cha kwanza. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, enzi ambazo mwanafunzi wa masafa alitegemea vitabu vilivyochapishwa na vituo vya mikoani. Wahitimu wake leo ni walimu, maafisa wa serikali na wanasheria. Kwa hiyo hoja ya iwapo shahada iliyosomwa mbali na ukumbi wa mihadhara ni shahada kamili ilikwisha kujibiwa zamani, ingawa bado husikika sana katika mazungumzo ya kifamilia. Linalobakia ni zito zaidi: nani ameipa ithibati programu husika, na je, ithibati hiyo ingali hai?

Jukumu hilo nchini Kenya liko mikononi mwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Tanzania ina Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na Uganda ina Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Wengi huuliza kuhusu jina la chuo na kuishia hapo. Yaliyotokea Uganda mwaka 2023 yalionyesha kwamba hilo halitoshi. Orodha ya NCHE ilionyesha kwamba muda wa ithibati wa programu nyingi, zikiwemo za vyuo vikongwe, ulikuwa umekwisha. Taharuki ilitanda miongoni mwa wanafunzi na wahitimu, hasa waliokuwa wakitafuta kazi au masomo nje ya nchi, na baraza likalazimika kutoa ufafanuzi. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa, huku programu moja ndani yake ikisubiri kuhuishwa.

Hatari huongezeka pale chuo kinapokuwa ng'ambo. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua jinsi kampuni ya Axact ya mjini Karachi, Pakistan, ilivyouza shahada za vyuo ambavyo havikuwepo, kupitia tovuti zenye picha za kuvutia na majina yanayofanana na ya vyuo mashuhuri. Dalili za biashara ya aina hiyo hazijabadilika sana: shahada inayopatikana kwa majuma machache, punguzo la ada linalokwisha usiku huu huu, na uzoefu wa kazi unaogeuzwa kuwa alama bila mtihani wowote.

Hata vyuo vya kweli vya nchi jirani vina mpaka wao. Viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu Mei 2017, lakini bado ni busara kwa Mkenya anayesoma kwa mtandao katika chuo cha Uganda kuuliza mapema namna shahada yake itakavyotambuliwa nyumbani.

Fani nayo ina neno lake. Biashara, takwimu au usalama wa mitandao hufundishika vyema kupitia kompyuta. Uuguzi hauwezi kukamilika bila wodi, wala uhandisi bila karakana, na mabodi yanayowasajili wataalamu hao hutazama saa za mafunzo kwa vitendo. Ualimu uko katikati: nadharia husomwa popote, mazoezi ya kufundisha yanahitaji darasa lenye watoto.

Kisha kuna gharama ambazo haziandikwi katika karatasi ya ada. Nauli na kodi ya chumba hupungua, lakini vifurushi vya intaneti, kompyuta inayohimili mikutano ya video na umeme usiokatika vinachukua nafasi yake. Simu ya mkononi inatosha kusikiliza mhadhara. Kuandika tasnifu juu yake ni mateso. Baadhi ya vyuo vinavyofundisha kwa masafa huwataka wanafunzi kufika kituoni kufanya mitihani, na kwa anayeishi mbali na makao makuu ya mkoa hilo lina maana ya siku za ruhusa kazini, kila muhula, kwa miaka mitatu au minne. Mwajiri anastahili kuulizwa kuhusu ruhusa hizo kabla ya usajili.

Mamlaka za ithibati huchapisha katika tovuti zao orodha za vyuo na programu zilizoidhinishwa. Programu isipoonekana humo, mwombaji anaweza kuiandikia mamlaka moja kwa moja na kusubiri jibu la maandishi, hata kama muhula mmoja utampita.