Kompresa ya gereji ya nyumbani: tuutazame mtungi kabla ya bei

Kijana anapohitimu ufundi wa magari hapa Arusha, mara nyingi gereji yake ya kwanza huwa ni ua wa nyumba ya wazazi. Spana huzikusanya moja moja. Kifaa kinachoilazimu familia kukaa kikao ni kompresa, yaani mashine ya upepo, kwa kuwa hapo ndipo akiba ya nyumba inapoguswa. Kwa bahati mbaya, kikao hicho huzungumza bei na kusahau kwamba mtungi utakaa hatua chache kutoka wanapocheza watoto.

Kwanza ijulikane kazi. Tairi la gari dogo huhitaji takriban psi 30 hadi 35. Mtungi wa lita 50 wenye mota ya nguvu-farasi 2 unatosha kwa hilo, na hata kwa kupuliza vumbi katika filta za magari ya utalii yanayorudi kutoka mbugani. Kupiga rangi ni habari nyingine: bunduki ya rangi hula hewa mfululizo, na kinachotakiwa ni wingi wa hewa kwa dakika. Mtungi ni ghala tu. Mota ikiwa dhaifu, ghala litaisha kabla mlango mmoja haujakamilika.

Lipo jambo ambalo muuzaji wa Dar es Salaam hatalitaja. Jiji letu, chini ya Mlima Meru, lipo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Mashine ileile hapa hujaza mtungi kwa muda mrefu zaidi. Basi tuulize lita za hewa inayotoka, si inayonyonywa, kisha tuchague mashine iliyozidi mahitaji kidogo. Umeme nao usisahaulike: mota inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya umeme inaotumia ikishashika kasi, na waya mwembamba wa kuunganishia huweza kuungua.

Sasa tuje kwenye mtungi wenyewe, hasa wa mitumba. Hewa ikibanwa hutoa maji, nayo hutuama chini ya mtungi na kuula chuma kwa ndani. Rangi mpya ya nje haisemi lolote. Mtungi uliooza ukipasuka hurusha vyuma kama bomu. Njia ya kuupima ni kuujaza maji hadi juu, kisha kuutia presha iliyozidi ile ya kazi. Maji hayabanwi kama hewa, hivyo chuma kikishindwa huvuja tu. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye vifaa. Mtungi wenye kiraka cha kuchomelea tusiununue hata kwa nusu bei, wala mtungi wa gesi ya kupikia uliofungwa mota ya friji, usio na vali ya usalama wala koki ya kutolea maji.

Hapa sheria yetu ina neno. Anayeuza huku akijua aibu ya bidhaa ni wajibu wake kuibainisha, na mnunuzi aliyefichwa ana haki ya kuirudisha. Kijana wetu naye akumbuke hukumu hiyo siku atakapouza mashine yake ya zamani. Na ikiwa fedha haijatimia, ni heri aanze na mashine ndogo kuliko kuingia mkopo wa riba.

Mashine iwekwe mbali na ukuta wa jirani, kwani zile zisizotumia oili hupiga kelele nyingi mno, na izimwe nyakati za swala na usiku. Kila jioni, presha ikishapunguzwa, koki ya chini ifunguliwe na maji yatoke yote. Yakitoka na rangi ya kutu, mashine isiwashwe tena mpaka mtungi upimwe.