Mwenzako Akilewa Chakari, Usimwache Alale Peke Yake

Je, wewe na wenzako mnaandaa karamu ya chuo huko Tala? Mkishachanga pesa za nyama na muziki, changeni pia za gari. Mtafuteni mapema dereva asiyekunywa, wa kumkimbiza mgonjwa hospitali ya Kangundo usiku wa manane.

Kosa kubwa ni kumfungia mlevi chumbani eti apoe. Pombe iliyo tumboni huendelea kuingia damuni hata akiwa amelala. Mlaze ubavu asije akapaliwa na matapishi, na mtu mmoja akae naye. Kahawa na maji baridi havimsaidii. Asipoamka akitikiswa, au akipumua chini ya mara 8 kwa dakika, mpelekeni mara moja; hofu ya mkuu wa chuo isiwazuie.

Na ile pombe ya bei rahisi? Mnamo Juni 2005, watu zaidi ya 40 walifariki Machakos kwa pombe iliyotiwa methanoli. Sumu hii ni janja: macho huenda yakaanza kuona ukungu baada ya muda wa saa 12 hadi 24, karamu imekwisha na kila mtu kwao. Anayelalamika hivyo asiambiwe ni uchovu wa jana. Apelekwe kwa daktari, na chupa iliyobaki ibebwe.