Mwangaza uliosoma karatasi za Nyangwe unatafutiwa njia mwilini

Tarehe 15 Julai 1871, watu wenye bunduki waliwafyatulia risasi wanawake na wanaume waliokuwa sokoni Nyangwe, kando ya mto Lualaba. David Livingstone alikuwa pale. Aliandika kwamba wafanyabiashara Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Karatasi zilikuwa zimemwishia, na wino vilevile. Aliandika juu ya gazeti kuukuu la London kwa rangi ya mmea wa huko. Rangi ikafifia, mistari yake ikaingiliana na ya gazeti, na kwa zaidi ya miaka 100 kurasa nyingi hazikusomeka.

Wataalamu walizipiga picha Edinburgh, Scotland, wakizimulika kwa rangi moja moja ya mwangaza. Chini ya buluu maandishi yote mawili yalionekana. Chini ya infraredi, ambayo jicho halioni, rangi ya mmea ilipotea, chapa ya gazeti ikabaki. Kompyuta ikayatenganisha. Mwaka 2011 ushahidi wa Nyangwe ukasomeka, na watafiti wakaanza kuuliza hata juu ya mwenendo wa watu wa Livingstone mwenyewe siku ile.

Infraredi hiyo inawavutia waganga pia. Weka tochi nyuma ya kidole usiku: wekundu ndio unaopita. Infraredi iliyo jirani yake hupenya nyama zaidi. Kuna rangi ya hospitali, indosianini ya kijani, inayong'aa chini yake na kuonyesha mishipa ya damu. Lakini ini huiondoa katika damu kwa dakika chache tu.

Kwa hiyo watafiti wanaifungia ndani ya vitufe vya polima vyenye upana wa nanometa 100 hivi. Unywele mmoja unavishinda mara mamia. Polima moja wanayoipenda ni ya jamii ile ya nyuzi za kushonea vidonda zinazoyeyuka zenyewe. Vitufe hukaa katika damu muda mrefu zaidi, na vingine hupenya kwenye kansere kupitia mishipa yake inayovuja. Mwangaza mdogo huonyesha uvimbe ulipo. Ukiongezwa, rangi hupata moto na kuunguza seli.

Vingi, hata hivyo, bado huishia kwenye ini na bandama, na mwangaza hauendi mbali chini ya ngozi. Sehemu kubwa ya majaribio hayo bado inafanywa kwa panya.