Askari wa hifadhi akimpiga mtu risasi, nani anaamua kama atashtakiwa?

Msikilizaji, kila habari ya mtu kuuawa kwa risasi ndani ya hifadhi inapotangazwa, maneno hugawanyika. Upande mmoja husema: alifuata nini usiku porini na bunduki? Upande mwingine huuliza: nani alithibitisha kwamba alikuwa jangili? Kisha linakuja swali gumu zaidi: askari aliyefyatua risasi apelekwe mahakamani au aachwe kwa kuwa alikuwa kazini?

Kwetu Tabora jambo hili si la mbali. Njia ya misafara kutoka Ujiji hadi Bagamoyo ilipita hapa Unyanyembe, na mzigo mkubwa uliobebwa mabegani ulikuwa pembe za ndovu. Mtemi Mirambo alipigana na wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora kuanzia 1871 kwa sababu ya njia hiyo na ushuru wake. Ushuru ule uliitwa hongo, na neno hilo, kama mjuavyo, leo lina maana nyingine. Wakati ule aliyebeba pembe alikuwa mpagazi mwenye ujira wake. Leo ni mhalifu. Jirani yake anayeingia msitu wa Ugalla kufuata mizinga ya nyuki anaweza kukutana na bunduki ileile.

Ugalla yenyewe imebadilika. Ilipokuwa pori la akiba, warina asali na wavuvi waliruhusiwa kuingia kwa kibali katika msimu wao. Tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na katika hifadhi ya taifa masharti ni makali zaidi. Lakini kuingia bila kibali ni kosa la kukamatwa na kupelekwa mahakamani. Adhabu yake si kifo.

Mfano mkubwa tulionao nchini ni Operesheni Tokomeza ya Oktoba 2013. Hali ya tembo ilikuwa mbaya kweli: hesabu ya 2009 ilionyesha tembo zaidi ya 109,000 nchini, na ile ya 2014 ilikuta kama 43,000 tu. Serikali ilituma wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori kwa pamoja. Waziri wa Maliasili na Utalii wa wakati huo, Khamis Kagasheki, alinukuliwa na vyombo vya habari akitaka majangili wauawe papo hapo. Haukupita mwezi, operesheni ikasimamishwa kufuatia malalamiko ya wabunge kuhusu watu kuteswa, kuporwa na kuuawa, na mifugo kupigwa risasi. Kamati ya Bunge chini ya James Lembeli ilichunguza na kueleza vifo vya raia 13. Desemba 20, 2013, mawaziri wanne walipoteza nafasi zao: Kagasheki, Emmanuel Nchimbi wa Mambo ya Ndani, Shamsi Vuai Nahodha wa Ulinzi na Mathayo David Mathayo wa Mifugo. Baadaye Rais Kikwete aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji mstaafu Hamisi Msumi.

Hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Waziri kuondoka ni uwajibikaji wa kisiasa. Tume hukusanya maelezo na kushauri. Hakuna kati ya hayo kinachomtia mtu hatiani. Hatia ya jinai inatoka mahakamani tu. Na kesi za jinai kwa kawaida zinaendeshwa kwa mamlaka ya Mkurugenzi wa Mashtaka, yaani DPP, ambaye kisheria ana uwezo wa kufungua mashtaka na hata kuyaondoa. Polisi wanapeleleza, jalada linakwenda ofisi ya mashtaka, na huko ndiko linakoamuliwa.

Je, sheria inasemaje kuhusu risasi? Kauli ya waziri si sheria. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka anayekamata asitumie nguvu kuliko inavyohitajika. Kwa polisi imeweka wazi kwamba mtu anayekimbia asifanyiwe kitendo kinachoweza kumuua, isipokuwa askari ana sababu ya msingi ya kuamini kuwa maisha ya mtu yako hatarini, na ikiwezekana mkimbiaji awe ameitwa kwanza ajisalimishe. Kukimbia peke yake hakutoshi. Kwa upande mwingine, Kanuni ya Adhabu inalinda haki ya kujitetea, na mahakama hupima nguvu iliyotumika kwa kuangalia uzito wa kosa na mazingira yake.

Mazingira hayo si ya kubeza. Majangili wengine wana silaha za kivita. Januari 2016, katika Pori la Akiba la Maswa, walimpiga risasi na kumuua rubani Roger Gower aliyekuwa angani kwenye helikopta akiwafuatilia. Askari anayelala porini na wenzake wachache anajua hilo. Wanaopinga mashtaka husema askari akiogopa kesi, atachelewa kujilinda na atakufa yeye. Ni hoja nzito. Hata hivyo naona inajibiwa na sheria yenyewe: aliyepigwa risasi kwanza ana utetezi, na mahakama ndiyo mahali pa kuutoa.

Ugumu mkubwa uko kwenye ushahidi. Kumbukeni kesi ya Abdallah Zombe. Januari 2006 polisi wa Dar es Salaam waliwaua wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi, wakidai ni majambazi. Tume ya Jaji Kipenka ilikuta hawakuwa majambazi. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia washtakiwa wote tisa, kwa kuwa haikuthibitika kwamba wao ndio waliofyatua risasi. Rufaa ya DPP ilifika mwisho 2016: mmoja akahukumiwa kunyongwa, Zombe akabaki huru. Miaka kumi, na hapo walikuwapo majaji, mawakili na magazeti ya mjini. Porini anayebaki kueleza mara nyingi ni aliyeshika bunduki.

Kwa hiyo ya mwanzoni ndiyo yanayobeba kesi. Mwili usizikwe kabla ya daktari kuuchunguza. Mwenyekiti wa kijiji na ndugu waandike saa, mahali, magamba ya risasi yalipoonekana na majina ya walioona, na wasiokote chochote. Majeruhi achukue fomu PF3 polisi kabla ya matibabu kuendelea mbali, ila kama hali ni mbaya atibiwe kwanza. Familia isiyoridhika inaweza kuandika kwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, au kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Ipo pia Sheria ya Uchunguzi wa Vifo inayoruhusu kuchunguza chanzo cha kifo chenye utata.

Na kwa wanaouliza kama imeshachelewa kwa vifo vya zamani, kosa la mauaji halina ukomo wa muda.